Theluji Iliyo Chini ya Theluji

Edmonton, London
Jumanne, 4 Machi 1997

Kwa Kaka Mwadini, mtoto wa kwanza wa Mama na mkubwa wetu sote,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua chako kimetulia, wifi yangu hajambo na watoto wote hawajambo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba Suad anakusalimu sana. Suad naye anakusalimu, ila kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote, hata cha kusengenyana, lakini kukijibu hataki. Baridi ingalipo. Ukiona mwandiko umekaa kama wa mtoto wa chuoni anayeanza alifu, usishtuke. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia viliungua na baridi na vimefungwa bendeji. Daktari kasema vitapona.

Barua yako niliipata tangu wiki ya pili ya Februari, na najua unangoja jibu mpaka umechoka. Umeniandikia kwamba mwanao Abdulwakil anaoa baada ya Idi ya Mfunguo Tatu, kwamba umeamua kumjengea vyumba viwili vya tofali juu ya paa la nyumba yetu, kwamba tofali mia tatu zimeshapandishwa juu na fundi anataka kuanza kabla mvua ya masika haijakolea. Umesema Mama anasita, na kasema atakubali siku nitakayokubali mimi. Hukuniomba chengine chochote, ila nimwandikie Mama neno moja kwamba na mimi nipo pamoja nawe.

Neno hilo nitalitoa, Kaka, na nitalitoa humu humu. Lakini kwanza vumilia nikusimulie nilikokuwa, maana bila ya hayo utasema London imenipanda kichwani. Nilikuwa kwenye milima ya Skotlandi, nimekwenda kuisoma theluji. Haya, cheka. Cheka umalize, halafu uendelee kusoma.

Wewe unajua mie skuli niliiacha wapi na kwa nini. Miaka yote hii nimeosha wazee wa watu, nimewalisha, nimewageuza kitandani, na kazi hiyo siidharau, imetulea. Lakini mwaka jana nilipotimiza arubaini nilijiambia kwamba sitakufa bila ya kusoma kitu ambacho hakina faida yoyote kwa mtu ila kwangu. Nikenda kujiandikisha masomo ya jioni kule Stratford, somo la ardhi na hali ya hewa, kila Jumatano baada ya kazi. Siku ya kwanza naingia darasani, mwalimu kanipa mgongo anaandika ubaoni. Alipogeuka, Kaka, hutaamini ni nani. Alikuwa Mwalimu Praful.

Naam, Praful yule yule aliyekusomesha wewe jiografia kabla ya mapinduzi, ambaye ulikuwa ukimwigiza anavyotembea mpaka Baba, Mungu amrehemu, anacheka machozi. Bado anatembea vile vile, kifua mbele. Ana miaka sitini na sita, nywele nyeupe zote, na Kiswahili chake hakijapotea hata kidogo. Nilipomwambia mie ni binti wa nani, aliuliza kama Mwadini bado mbishi. Alisema katika miaka yake yote ya kusomesha hajapata mwanafunzi aliyekuwa akinyanyua mkono kumwambia kakosea kama wewe, na kwamba mara nyingi ulikuwa umekosea wewe, lakini hukuacha kunyanyua. Nilimwambia bado mbishi, tena sasa hakuna wa kukubishia.

Kumbe Mwalimu Praful, tangu alipofika nchi hii, kila baridi anakwenda milimani. Mtu aliyezaliwa Unguja, Mhindi wa mjini, ambaye theluji aliijua kwa picha za vitabu tu, alipoiona mara ya kwanza alipagawa nayo, na hadi leo hajapona. Kila Februari huchukua wanafunzi wake wachache kwenda Skotlandi kujifunza inavyoanguka, inavyokaa na inavyoporomoka. Aliponiuliza kama nitakwenda, nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Hivyo ndivyo alivyo yule mzee, akikuuliza unasema ndiyo.

Kabla ya safari tulifanya mazoezi hapa hapa Edmonton, kwenye bustani ya Pymmes. Ungeniona ungenikana. Kila mmoja wetu alivaa kifuani kijisanduku kidogo chenye betri ambacho hutoa mlio usiosikika kwa masikio matupu. Mtu akifukiwa na theluji, wenziwe hugeuza visanduku vyao vikawa vya kusikiliza, na kadiri wanavyomkaribia ndivyo mlio unavyozidi. Basi Mwalimu akificha kimoja chini ya majani makavu, na sisi tukihangaika kukitafuta huku tumeinama, vijisanduku vinalia ti, ti, ti, na wazungu wenye mbwa wao wanatutazama. Niliyekuwa hodari kuliko wote ni Teresia, nesi wa Kikenya anayekaa Tottenham, mtu wa vicheko na miguu mirefu. Mie nilikuwa wa mwisho kila mara. Mwalimu alitukumbusha kwamba aliyefukiwa ana robo saa tu, baada ya hapo matumaini yanapungua haraka, kwa hiyo kicheko chetu tukifupishe.

Tukasafiri kwa treni siku nzima kwenda kaskazini, watu saba. Kesho yake alfajiri nilitoka nje ya nyumba tuliyolala nikaiona milima. Kaka, sina maneno, lakini nitajaribu. Hapa London theluji ikianguka hukanyagwa na mabasi, ikifika adhuhuri ni matope. Kule ilikuwa nyeupe toka miguuni mwangu mpaka mbinguni, na ukimya wake ulikuwa wa namna ambayo nilisikia damu yangu ikipita masikioni. Jua lilipochomoza, ule weupe ukageuka waridi, kisha ukageuka dhahabu, kisha ukawa mkali mpaka macho yakanitoka machozi. Nilisema subhanallah, nikasema tena, nikajikuta sina jengine la kusema. Nilifikiri, miaka arubaini nimeishi duniani na hiki kitu kilikuwepo siku zote na mie sijui.

Na hapo bado sijaanza kusoma. Mwalimu alitupa kila mtu koleo na akatuamrisha tuchimbe shimo mpaka tufike kwenye udongo. Tulichimba, urefu wa mtu kasoro kichwa. Kisha akausawazisha ukuta mmoja wa shimo kwa upande wa koleo, akatuita tuutazame. Mie niliona weupe mtupu. Akanishika mkono, akanivua glavu, akaniambia niusome ukuta kwa vidole toka juu mpaka chini. Wallahi, Kaka, ulikuwa na matabaka! Pahali ngumi nzima inaingia bila ya taabu, pahali panaingia vidole vinne, pahali kimoja tu, pahali hata penseli haipenyi. Kila tabaka ni siku yake. Hili ni tufani ya wiki iliyopita, hili ni jua la Idi, hili jembamba kama gamba la yai ni mvua ya mwezi wa Januari iliyoganda. Baridi nzima ilikuwa imeandikwa pale, na hakuna kilichofutika.

Alitupa lenzi na kipande cha kadi nyeusi, tukamwagia chembe juu yake tukazitazama. Zile za juu zilikuwa na ncha sita kila moja, zimekatwa vizuri hata sonara angetahayari. Lakini akatuonya tusidanganyike na uzuri wa juu. Alisema theluji haikai kama ilivyoanguka. Ardhi chini ina joto kidogo na hewa juu ina baridi kali, basi joto linapanda kidogo kidogo ndani ya matabaka, na pale chini chembe zinabadilika kimya kimya, zinakuwa kubwa, kavu, zenye pembe, hazishikani tena. Ukizishika zinakupita vidoleni kama sukari. Mlima unaweza kubeba tabaka hilo bovu mwezi mzima bila ya kuonesha chochote. Unapendeza, unakanyagika, watu wanapita. Kisha upepo unaleta theluji nyengine unaipandisha juu, au anapita mtu mmoja tu mzito kidogo, na chini hakuna kinachoshika, basi upande mzima wa mlima unaondoka kwa mara moja.

Nilimuuliza kama mlima hautoi ishara. Akasema unatoa, lakini kwa anayechimba. Akakata nguzo ya theluji upana wa sahani ya pilau, akaweka koleo juu yake akaanza kuipiga. Mara kumi kwa kiganja, kidogo kidogo. Mara kumi kwa mkono toka kwenye kiwiko. Ilipofika ya tatu ya kiwiko, kipande cha juu kilichupa chote kikaangukia miguuni kwangu, kimekatika sawasawa kama aliyekikata ana rula. Mie nywele zilinisimama ndani ya mtandio.

Alitufundisha na kanuni moja ambayo alisema ni kubwa kuliko koleo na kijisanduku. Kabla ya kuvuka mteremko wowote, kiongozi anasimama anamuuliza kila mtu, mmoja mmoja kwa jina lake, kama kuna aliloliona. Mmoja akisema hapana, hata awe mdogo kuliko wote, hata asiweze kueleza kwa nini, wote wanarudi. Hakuna kupiga kura wala kubembelezana. Sote tuliitikia kama watoto wa skuli, ndiyo Mwalimu.

Siku ya tatu tulipanda juu zaidi. Usiku wake upepo ulikuwa umevuma sana toka magharibi, asubuhi ukatulia na mbingu ikawa safi. Karibu na adhuhuri tulifika pahali pa kuvuka mteremko mmoja mpana, mzuri, laini kama shuka iliyopigwa pasi. Mwalimu alipima ulalo wake, akachimba shimo pembeni, akapiga nguzo yake kwa kiganja, kwa kiwiko, mpaka kwa bega. Haikuchupa. Alifurahi, akasema hapa pameshika, tutakula kisha tutavuka mmoja mmoja. Wenzangu wakampongeza. Tukakaa tukala mikate yetu, na mie nikajitenga kidogo kusali, kwenye jiwe kubwa lililoko ukingoni mwa mteremko ule ule, mbali na shimo la Mwalimu.

Nilivyorudi tukajipanga. Mwalimu akaanza kuuliza, mmoja mmoja kwa jina. Teresia akasema hajaona kitu. Wengine nao hivyo hivyo. Akanifikia mie wa mwisho, akaniuliza kwa Kiswahili, akitabasamu. Nikamjibu kwamba yeye ndiye mkubwa, akisema yeye basi, imekwisha. Akacheka, akasema haya, akatangulia kuvuka yeye mwenyewe ili tuone njia.

Alifika katikati. Nikasikia sauti, na sauti ile sijapata kuisikia kabla yake, kama mtu mkubwa amekaa ghafla kwenye godoro chumba cha pili. Ufa ukapita juu ya kichwa chake toka jiwe mpaka jiwe, haraka hata jicho halikuufuata. Kisha mteremko wote ukaanza kutembea. Yarabi! Nyeupe yote ile ikavunjika mapande mapande kama sakafu, ikaenda, ikainua vumbi lake mpaka jua likapotea, na ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Nilimwona Mwalimu amenyanyua mikono, kisha sikumwona. Nikwambie ukweli, Kaka? Hata katika hofu ile, moyo wangu ulisujudu. Nilijua nimesimama mbele ya kitu ambacho hakitujui kabisa kama tupo. Halafu kimya kikarudi, na theluji pale chini imetulia kana kwamba imekuwa hivyo tangu zamani.

Teresia ndiye aliyepiga kelele kwanza. Tukageuza vijisanduku, tukateremka mbio, mie naanguka na kuinuka. Theluji iliyoporomoka si laini tena, imeganda kama saruji, inakatalia koleo. Teresia alikwenda ameinama, kulia, kushoto, anasikiliza, mpaka akapiga magoti akasema hapa. Tukachoma fimbo ndefu, ya kwanza ikapita bure, ya pili ikapita bure, ya tatu ikagusa kitu laini chenye kuirudisha. Tukachimba. Koleo langu lilivunjika mpini, nikachimba kwa mikono, glavu zikatoka sijui saa ngapi, ndiyo hivi vidole unavyoniona navitumia kwa shida. Nilikuwa nasoma Yasin kwa sauti na wenzangu hawajui nasema nini. Tulipoufikia uso wake ulikuwa wa buluu, na ukungu wa pumzi zake umeganda mbele ya kinywa. Teresia alimtoa theluji kinywani kwa kidole, akampulizia. Alipokohoa, mie nililia kama niliyefiwa. Dakika kumi na moja, mmoja wetu alikuwa ametazama saa.

Alivunjika mfupa wa bega na mbavu mbili. Amesharudi London, na juzi Jumamosi nilikwenda kumtazama nyumbani kwake Stratford. Na sasa nifike pale ninapopaogopa, maana mpaka hapa nimekueleza yote isipokuwa moja.

Kaka, mie nilijua. Nilipojitenga kusali, pale kwenye jiwe hapakuwa na usawa wa kusujudia, nikachukua koleo nikakata theluji nipate pahali pa paji la uso na magoti. Tabaka la juu lilikuwa gumu. Nilipolikata, chini yake zikatoka chembe zile zile, kubwa, kavu, zikamiminika zenyewe toka kwenye ukuta, zikamiminika hata nilipoacha kuzigusa. Shimo la Mwalimu lilikuwa upande mwengine, pale hazikuwepo, hapa zilikuwepo. Nilizikusanya kiganjani nikazitazama. Nilijua ni nini, maana alinifundisha mwenyewe. Kisha nilisali, na sala yenyewe sikuijua nimesali vipi, nikarudi kwa wenzangu, nikaulizwa kwa jina langu, na nikasema yeye ndiye mkubwa.

Kwa nini? Nimejiuliza usiku na mchana. Kwa sababu alikwisha sema pameshika na watu wamempongeza. Kwa sababu ni mwalimu wako na ni mtu mzima sawa na Baba. Kwa sababu mie ni nani, mwosha wazee, miezi mitano ya masomo ya jioni, nisimame mbele ya watu nimwambie Mwalimu umekosea? Sisi tumelelewa hivyo, mkubwa akisema unainamisha kichwa. Kama una lako unalimeza. Na adabu hiyo ilikaribia kumuua.

Nilimwambia yote hayo Jumamosi, mbele ya mkewe. Nilitaraji anifukuze. Akaniambia kwamba alipokuwa anauliza kule juu hakuwa anatuamkia, alikuwa anaomba msaada, kwa sababu shimo moja halijui mlima mzima na yeye alikuwa analijua hilo. Akasema ametamani miaka thelathini wanafunzi wake wa London wawe na ubishi wa Mwadini. Akasema ungekuwepo wewe pale, ungenyanyua mkono. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama kuna pahali pengine popote ninapojua kitu nikanyamaza kwa sababu ya mkubwa. Nilichukua koti langu nikatoka, nikapanda basi, nikapitiliza kituo changu.

Kipo, Kaka. Ni ukuta wa chumba cha Mama.

Julai nilipokuja, siku ile uliyoalika wazee wa mtaa, herini yangu ilianguka nyuma ya kabati la Mama. Nikalisogeza. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umefura, umepasuka toka sakafuni mpaka kifuani kwangu. Nikaugusa kwa kidole, na kidole kikaingia mpaka kiungo cha pili. Chokaa na mchanga vikamiminika, na havikuacha nilipokitoa. Huko ukumbini nilikusikia unawaambia wageni kwamba nyumba hii kaijenga babu yetu, imeona mapinduzi na mvua za miaka yote, na itabeba hata ghorofa mbili nyengine. Wageni wanaitikia. Nikalirudisha kabati pale pale, nikafagia mchanga kwa khanga yangu, nikatoka na sinia la kahawa. Nilijiambia wewe ndiye uliyebaki, ukamzika Baba, ukamtunza Mama, ukaiziba nyumba kila ilipovuja. Mie ndiye niliyeondoka. Ninakuja wiki tatu na masanduku yangu, nianze kukuonesha nyufa? Basi nikanyamaza, na wewe ukapandisha tofali mia tatu juu ya ukuta ule, kwa sababu yangu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, Kaka Mwadini. Sipo pamoja nawe katika hili. Tangu nizaliwe sijapata kukuandikia neno hilo, na kalamu nimeiweka chini mara mbili kabla ya kuliandika. Teremsha tofali zote kabla mvua haijaingia, na zikishuka pasiwe na mtu ndani. Muite fundi asiyetafuta kazi kwako, umsogezee kabati, umwambie atie kidole. Abdulwakil ataoa, inshallah, hata kama ni kwa chumba cha kukodi.

Na la mwisho ndilo zito. Sikungoja barua ifike. Jumapili nilimpigia simu shoga yake Mama, Bi Jokha, kule Mwembetanga, nikaomba aitiwe Mama. Umeambiwa Mama amekwenda kumuuguza Bi Jokha mafua. Bi Jokha haumwi, mzima kabisa. Mie ndiye niliyemtaka Mama atoke nyumba ile siku ile ile, na nilimweleza Mama yote, ukuta na kidole changu na unyamavu wangu. Nilitaraji aniulize maswali. Aliniacha nimalize, kisha akasema, kumbe na wewe uliuona. Kabati lile, Kaka, ni yeye aliyelisogeza pale, mwaka wa tatu sasa. Kila alfajiri akisali anausikia mchanga unamiminika nyuma yake. Hakukwambia kwa sababu aliona jinsi unavyoipenda nyumba ile, akaona haya kukuvunja moyo. Alikuwa ananisubiri mie niseme, nami nilikuwa namsubiri nani sijui.

Najua utakasirika. Nikasirikie mie, si Mama, na ukasirike utakavyo, uniandikie maneno yote unayoyajua, nitayasoma na nitakuheshimu vile vile. Lakini mtoe wifi yangu, watoe watoto, kisha kasirika ukiwa nje ya nyumba.

Mwalimu Praful anakupa salamu nyingi. Wasalimie wote wanaoniuliza na wasioniuliza. Barua hii anakuletea kwa mkono Ameir, anayesafiri kesho kuja huko, usimwache aondoke bila ya kula. Mwambie Mama nimemwomba radhi yake, na yako naiomba hapa hapa.

Mdogo wako asiyekubishia ila leo,

Mardhiya